Mshiriki wa Saba

Kamba alipoingia saluni kwetu mara ya kwanza, alisema anataka kujifunza kusuka. Dada akamtazama vidole, akamtazama kichwa alichokuwa amekizungushia kitambaa kama kidonda, akamuuliza kama amewahi kushika chanuo maishani mwake. Akajibu kwamba amewahi, ila limemshinda. Wateja wakacheka, naye akacheka nao, na tulipokosea ni hapo hapo. Tulimpenda kabla hatujamjua.

Saluni ni ya dada yangu. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, sinki la kuoshea, kioo kirefu, na draya mbili, mojawapo ikiwaka inanuka kama waya unaoungua. Mimi nasuka kiti cha pili. Dada ndiye aliyenilea, na hadi leo naishi kwake, chumba cha uani, pamoja naye na mume wake, shemeji yangu, ambaye ni fundi wa majokofu. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba ninayoyasimulia sikuyaokota mtaani. Nilikuwepo.

Jina la Kamba tulimbandika sisi. Kichwa cha kwanza kumwachia asuke kilikuwa changu, na mistari aliyonitoa nayo ilikuwa minene, imepindapinda, unaweza kumfungia ng'ombe nayo na isikatike. Dada alinizungusha mbele ya kioo akasema, "Hii si nywele, mdogo wangu. Hii ni kamba." Basi jina likakaa. Msichana mwenyewe alilipokea kama zawadi. Alituambia kwao ni mbali, mume kamwacha, anaishi kwa shangazi yake. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: kufagia, kuchemsha maji ya kuchovya ncha za rasta, kubeba watoto wa wateja wakianza kulia. Alikuwa na kasoro moja tu, kwenda chooni mno. Maongezi yakinoga kidogo, Kamba huyo, uani. Tukadhani ana ugonjwa wa tumbo. Dada, kwa huruma yake isiyo na breki, akamtafutia dawa na kumkataza kula pilipili.

Ambaye hajawahi kufanya kazi saluni hawezi kuelewa kinachotokea pale. Mwanamke anakaa amekupa mgongo. Uso wako anauona kwenye kioo tu, akitaka. Mikono yako iko kichwani kwake tangu asubuhi mpaka jua linageuka, na mahali fulani katikati mdomo wake unafunguka wenyewe. Tumesikia ya ndoa, ya mabosi, ya watoto wasiofanana na baba zao. Hakuna aliyewahi kutuapisha. Yalisemwa pale, yakabaki pale, na jioni tulifagia nywele tukafunga mlango.

Dada mwenyewe alikuwa msikilizaji tu. La kwake halikutoka. Miaka ya nyuma alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi hata siku moja. Mama mkwe wake alikuwa amemfumia mjukuu blanketi la njano kwa mikono yake, na mtoto akazikwa ndani ya blanketi hilo. Baada ya hapo Dada alirudi kwenye kiti chake akaendelea kusuka, na ukoo mzima ukaanza kusubiri mwingine. Walisubiri kwa adabu. Hawakumuuliza kitu, ila macho yao yalikuwa yanashuka tumboni kwake kila akiingia mlangoni. Mimi pia nilikuwa nasubiri. Sikujua anameza vidonge vya kuzuia mimba, na kwamba anavificha ndani ya kopo tupu la mafuta ya nywele.

Kamba alijua kabla yangu.

Ilikuwa mchana wa mvua, wateja hawapo. Kamba alikuwa anasuuza taulo kwenye sinki, mara akainama pale pale akaanza kulia. Dada akamuuliza kulikoni. Akasema ile ni tarehe aliyomzika mtoto wake, na kwamba ndiyo sababu hasa mumewe alimwacha. Dada alifunga mlango, akanituma nikanunue rasta, wakati rasta zilikuwa zimejaa kabatini. Nilielewa, nikaenda nikasimama chini ya paa la jirani. Niliporudi nilikuta wamekaa sakafuni wote wawili, wameegemea ukuta, macho yamevimba, wameshikana mikono. Niliona wivu. Mimi ni damu yake, na hakuwahi kukaa na mimi sakafuni namna ile.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba Dada alipata nafuu. Tangu siku ile alikuwa mtu mwingine. Alianza kuimba akiwa anaosha nywele, na sauti yake si nzuri hata kidogo, lakini hatukumzuia. Kamba akawa "mdogo wangu" kama mimi. Alipotuaga akidai amepata kazi mji mwingine, Dada alimkalisha kitini kutwa nzima akamsuka mistari midogo midogo ya kupendeza, akamkabidhi na sindano zake nzuri za kushonea, zile ambazo mimi nilikuwa nazitamani. Tulilia. Mimi pia nililia, mjinga mimi.

Miezi ikapita. Siku moja mchana, saluni imejaa, redio inaongea peke yake kama kawaida, mtangazaji akasema ana mgeni studio, daktari wa saikolojia kutoka chuo kikuu, aliyefanya utafiti juu ya siri za wanawake na jinsi zinavyosafiri. Mgeni akasalimia. Sikumtambua kwa salamu. Nilimtambua alipocheka. Kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, tulikuwa tumekizoea.

Nikamtazama Dada. Alikuwa anamshonea nywele mteja mmoja, mhasibu wa hospitali, sindano imeinuka hewani.

Sauti ilikuwa ya Kamba lakini imepigwa pasi. Ilisema kwamba aliishi miongoni mwa wanawake wa saluni moja kama mwanafunzi wa kusuka, bila wao kujua yeye ni nani, kwa sababu mtu akijua anachunguzwa hubadilika. Ikasema majina yote yamefichwa. Kisha ikasema, "Nitakupa mfano. Kuna mama mmoja, tumwite Mshiriki wa Saba." Na Mshiriki wa Saba alikuwa msusi. Alimpoteza binti siku ya kuzaliwa. Alimzika ndani ya blanketi la njano lililofumwa na mama mkwe. Na sasa alikuwa anameza vidonge kwa siri, anavificha kwenye kopo la mafuta ya nywele, huku mume na ukoo wanamsubiria mtoto.

Mtangazaji akaguna kwa huruma. Mhasibu pale kitini akasema, "Lakini huyo mwanamke naye ana roho ngumu. Kumnyima mume mtoto kimyakimya namna hiyo."

Dada akashusha sindano akaendelea kushona. Alikimaliza kile kichwa, akakichana, akampa mteja kioo kidogo aangalie kisogoni, akapokea shukrani. Halafu akaniambia nifunge. Nikazima redio. Sikujua nimwambie nini, kwa sababu nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeambiwa, na aliyeniambia ni redio, pamoja na nchi nzima.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe wake sebuleni, amekaa wima, mkoba mapajani, hata maji hakutaka.

"Sikuja kugombana, mwanangu," alisema. "Nimekuja kuuliza. Ni wanawake wangapi hapa mjini wamemzika mtoto ndani ya blanketi la njano lililofumwa na mama mkwe?"

Angeweza kukana. Mimi ningekana, ningesema ni sadfa, ningeapa. Dada alisimama mlangoni bado na kandambili za kazini.

"Ni mimi, Mama."

Yule mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Shemeji akaingia wakati huo huo, sanduku la vifaa begani, ananuka gesi ya majokofu, anauliza mbona kimya. Mama yake akamweleza. Alimweleza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Shemeji akaketi. Nilidhani atauliza habari ya vidonge. Akauliza jingine.

"Ulimwambia yule msichana? Yule wa kusuka kama kamba? Yeye alijua, mimi mumeo sijui?"

Shemeji akainua sanduku lake, hata hakubadilisha nguo, akaenda kulala karakana. Kesho yake hakurudi, na keshokutwa hakurudi.

Hasira ya Dada ilichelewa kuja, lakini ilipokuja ilikuja imevaa viatu. Asubuhi moja nilimkuta amefunga saluni, amebandika karatasi mlangoni, amevaa gauni lake la mikutano. "Twende chuoni," akasema. Hakuniuliza kama nina nafasi.

Jina halisi la Kamba lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa ofisi yake. Sitalitaja. Yeye alificha la Dada na mimi naficha lake, ila mimi nikificha kitu hakionekani. Tuligonga, akasema "karibu" bila kutazama, halafu akatazama. Uso ukamshuka. Nywele alikuwa amezikata zote, zimebaki fupi kabisa. Akainuka haraka, akavuta viti viwili, akavifuta kwa kiganja kama alivyokuwa akiwafutia wateja wetu. Sijui kama hata aliona anachokifanya.

"Dada, nilikuwa nimepanga kuja," alianza.

"Kaa," Dada akamwambia ndani ya ofisi yake mwenyewe, naye akakaa. "Nieleze ulichofanya. Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako."

Akaeleza. Akasema inaitwa uchunguzi shirikishi. Mtafiti anaingia kwenye maisha ya watu, anafanya kazi yao, anasikia wanayosema wakiwa huru. Ukienda na karatasi za maswali, watu wanakupa majibu mazuri, si ya kweli. Ukijitambulisha, mazungumzo yanakufa. "Ningewaambia mapema, mngenificha," alisema.

"Ndiyo," Dada akasema. "Tungekuficha. Siri maana yake hiyo."

"Jina lako sikulitaja popote. Nimekuita Mshiriki wa Saba."

"Mimi wa saba. Wa kwanza mpaka wa sita ni kina nani?"

Kamba akatazama meza. "Ni wateja."

"Wateja wangu."

"Ndiyo."

"Na kule chooni ulikuwa unafanya nini?"

Akasema alikuwa anarekodi kwenye simu, kwa kunong'ona, kabla hajasahau maneno. Nikakumbuka dawa ya tumbo. Nikakumbuka Dada alivyokuwa anamgongea mlango wa choo akiuliza, "Kamba, uko salama?" Damu ikanipanda. Lakini Dada alikuwa bado hajafika anakokwenda. Alisogeza kiti.

"Mtoto wako," alisema. "Siku ile hukuniambia kama alikuwa wa kike au wa kiume. Nikadhani huwezi kutamka. Nikakuacha. Alikuwa nani?"

"Dada..."

"Usiniite dada. Alikuwa nani?"

"Hakukuwa na mtoto." Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mtafiti akitoa jambo lake la ndani, mwenzake naye hujisikia salama kutoa la kwake. Ni namna ya kujenga ukaribu. Nilibuni tu. Sikujua kama wewe ulikuwa na..."

"Na machozi?"

"Machozi yalikuwa ya kweli. Uliposimulia yako, nililia kweli, naapa."

"Ulianza kulia kabla sijasimulia," Dada akasema. "Mimi nilikukuta kwenye sinki unalia. Nikafunga mlango kwa ajili yako. Nilikuwa nakuhurumia wewe."

Pale mezani palikuwa na kikombe kizito cha kuwekea kalamu. Sijui nilikichukua saa ngapi, lakini nilijikuta nimekishika na mkono umeinuka. Dada akanibandua kidole kimoja kimoja, akakirudisha kikombe mahali pake, akapanga kalamu. "Tuondoke," akasema. "Huyu tukimpiga, nalo atalifanyia utafiti."

Tuliandika malalamiko. Yalizunguka, yakapotea, yakaonekana, na mwisho tukaitwa mbele ya kamati ya maadili ya utafiti. Chumba kina zulia, meza ndefu, chupa za maji, na mwenyekiti mwenye heshima nyingi aliyemwita Dada "mama yetu" kila alipotaka kumnyamazisha. Profesa aliyemsimamia Kamba alikuwepo pia, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka. Kusema haki, yeye hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema kamati ilimruhusu Kamba kujificha kwa masharti. Kwanza, achunguze mazungumzo ya kawaida, si kumchokonoa mtu. Pili, habari isiwe na alama ya kumtambulisha mhusika. Tatu, akimaliza arudi, ajitambulishe, aeleze kila kitu, na yeyote atakayesema "yangu toa", yatolewe. Akamgeukia Kamba akamuuliza kama alirudi.

"Nilifika mpaka kwenye kona yao," Kamba akasema. "Niliwaona kupitia mlango, wanacheka. Nikashindwa kuwaharibia. Nikageuka."

Kwa hiyo kosa lilikuwa letu kwa kucheka. Niliuma meno mpaka taya likauma.

Uamuzi wao ulikuwa kwamba sehemu ya Mshiriki wa Saba ifutwe kwenye kazi yake, kipindi kiondolewe kwenye kumbukumbu za redio, mtafiti apewe onyo na asimamishwe kufundisha kwa muda, na taratibu zipitiwe upya. Halafu mwenyekiti akatabasamu kwa mara ya kwanza akasema kwamba chuo, kwa kutambua maumivu yaliyotokea, kinampa mama yetu nafasi ya kuonana bure na mtaalamu wa saikolojia wa idara ile ile, akamweleze ya moyoni kwa faragha.

Dada alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka yule profesa akainamisha kichwa kwa aibu. "Nikamweleze ya moyoni," alirudia. "Hapa." Akachukua mkoba wake.

Kamba alitukimbilia kwenye korido. Alikuwa analia, na sikuwa na njia ya kujua machozi yale ni ya aina gani. Hilo nalo ametunyang'anya.

"Niruhusu nirekebishe," alisema. "Nitakwenda kwa mume wako na mama mkwe. Nitawaambia Mshiriki wa Saba si wewe. Nitasema nilichanganya habari za watu watatu, blanketi nikalitoa kwako na vidonge nikavitoa kwa mwingine. Wataniamini mimi, mimi ni daktari. Ndoa yako itapona."

Nitasema ukweli: mimi ningekubali. Nilimvuta Dada mkono. Uongo ule ulikuwa mzuri, umekaa sawasawa, na msemaji ana uzoefu.

"Unataka kunidanganyia na nyumbani kwangu," Dada akasema. "Hapana. Ukitaka kusema kitu, njoo saluni siku imejaa. Useme ukweli mbele ya wale uliowahesabu. Zaidi ya hapo sina haja na wewe."

Jumapili iliyofuata Shemeji alikuja kuchukua nguo. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilifunga bomba, si kwa adabu, kwa kutaka kusikia.

"Kwa nini yeye?" alikuwa anauliza. "Nieleze hilo tu."

"Kwa sababu alisema naye alizika."

"Na mimi je? Mimi sikuzika?"

Dada akalipuka. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele ndani ya nyumba ile. "Ulizika, ndiyo. Kisha ukachukua sanduku lako ukarudi kazini. Wiki haijaisha ukaniambia tutapata mwingine. Kama vile kompresa ya jokofu imeungua unabadilisha. Ulitaka nikuambie nini wewe? Kwamba naogopa? Kwamba nikishika mimba tena nitakufa nikiwa naiangalia?"

"Sikujua la kusema!"

"Ungenyamaza!"

"Nilinyamaza! Nimenyamaza miaka yote hii, unadhani nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakusubiri uniambie."

Waligombana mpaka sauti zikakauka. Walitupiana mambo ya zamani, mengine madogo ya kuchekesha: nani alichagua saa ya mazishi, nani alikula siku ile na nani hakula. Mama wa nyumba ya jirani aliacha hata kutwanga. Mwishowe nikasikia Shemeji analia, kwa mkoromo, kama mtu asiyezoea. Nilifungua bomba tena. Jioni ile hakwenda karakana. Nguo alizokuwa amezikunja alizirudisha kabatini mwenyewe, vibaya, na Dada akamwacha.

Kamba alikuja Jumamosi moja. Viti vyote vimejaa, wengine wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, draya ile mbovu inanuka. Alisimama katikati ya chumba pale pale alipokuwa akifagia, akasema yeye ni nani. Akasema alijifanya mwanafunzi, akarekodi waliyosema, na kwamba alimdanganya mwenye saluni kuhusu mtoto aliyekufa ili apate siri yake. Alisema vizuri, bila kujitetea. Nilikuwa natamani ajitetee.

Draya ikazimwa. Mhasibu wa hospitali, aliyekuwa na kichwa nusu kimefumuliwa, ndiye aliyeanza.

"Mimi ni wa ngapi?"

Kamba akajibu, "Wa tatu."

"Nilisema nini?"

"Ya... ya mdogo wako na mume wako."

Mhasibu ndiye aliyekuwa amesema mwanamke wa redio ana roho ngumu, na sasa alikuwa anajitazama kwenye kioo kama mtu anayemtafuta jirani yake. Mwalimu wa chekechea aliyekaa benchi akauliza, "Na mimi?" Wa tano. Muuza vitambaa akauliza. Wa kwanza. Mmoja mmoja waliuliza, kwa sauti ya chini, na kila mmoja akapewa namba yake. Wale ambao hawakuwa na namba walishusha pumzi. Kisha nami nikauliza, sijui kwa nini. Nilikuwa nimefanya naye kazi kila siku, nimempa kichwa changu kiwe cha kwanza kusuka.

"Wewe sikukupa namba," Kamba akasema. "Niliandika tu kwamba kuna msaidizi mmoja mchangamfu."

Mwanamke mmoja akacheka puani. Mpaka leo sijaamua kama nishukuru au nimtukane.

Dada muda wote huo alikuwa anasuka. Hakusimamisha mikono. Namba zilipokwisha akasema, bila kugeuka, "Umemaliza?" Kamba akasema ndiyo. "Basi mlango uko wazi." Akatoka. Hakuna aliyemfuata, hakuna aliyemzomea. Mhasibu aliomba afumuliwe upande uliobaki, akaondoka na nywele zake wazi, na hajarudi tena kwetu.

Watu huniuliza kama mambo yalitulia. Shemeji yuko nyumbani. Wanagombana sasa, jambo ambalo hawakuwa wakifanya, na baada ya ugomvi wanakula pamoja. Habari ya mtoto wanaizungumza wenyewe, mlango umefungwa, na sitaki kuijua. Mama mkwe alikaa muda mrefu bila kuja. Alipokuja alikaa kiti cha karibu na mlango, akamwita Dada "mke wa mwanangu" badala ya "mwanangu". Dada alimpokea mkoba hivyo hivyo. Kile kipindi kimefutwa redioni, lakini kuna waliokihifadhi kwenye simu zao, na nimewahi kukisikia sokoni kikichezwa na mtu asiyejua mimi ni nani. Kamba alisimamishwa, kisha muda ukaisha akarudi darasani. Nasikia anafundisha somo la maadili ya utafiti na kwamba analifundisha vizuri sana.

Na saluni haina soga tena. Wateja wanakuja, tunawasuka vizuri kuliko zamani, kwa sababu hakuna cha kutukatisha. Wanaongelea mvua. Wanaongelea bei ya rasta. Mwanamke akianza kusema "unajua, mume wangu..." anatazama kwenye kioo nani yuko nyuma yake, halafu anasema mume wake hajambo. Wengine wanavaa visikizio masikioni tangu wanakaa hadi wanainuka. Zamani ukifunga jioni ulikuwa unatoka umechoka masikio. Siku hizi mikono tu ndiyo inayochoka.

Juzi tulikuwa tunafunga, nikaanza tena. Nikamwambia Dada yule mtu alistahili zaidi ya onyo. Nikamwambia ningekuwa mimi nisingemtoa kikombe mkononi mtu. Dada alikuwa anakunja taulo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hasira yako imezidi yangu," akasema, "na wewe hata namba hukupewa."

"Hiyo nayo ni sababu," nikamjibu.

Akatingisha kichwa, akanitupia taulo nikunje. Nikakunja. Sikuwa na mpango wa kuiacha hasira yangu siku ile, na leo pia sina.